Msimuulize Kijana Amegundua Nini

Habari hii tumeisoma mara nyingi, majina tu ndiyo hubadilika. Kijana wa kijijini, pengine aliyeishia darasa la saba, amepigwa picha ameshika boksi la mbao lililojaa nyaya. Kichwa cha habari kinasema ametengeneza kituo cha redio, au helikopta, au gari la betri. Kiongozi anafika, anampa mkono mbele ya kamera, anaahidi kwamba kipaji hicho kitaendelezwa. Mwandishi naye anauliza swali lile lile la siku zote: umegundua nini? Kijana anajibu kadiri awezavyo. Wiki mbili baadaye hakuna anayefuatilia yuko wapi, na waliosoma zaidi yake wamekwisha kumcheka mitandaoni, eti hicho alichokitengeneza Wazungu walikwishakitengeneza zamani.

Nina ugomvi na swali hilo. Linamtaka mtoto aanzie pale ambapo mhandisi mwenye shahada tatu humalizia. Hapa kwetu Biharamulo, na kwa jirani zetu wa Ngara, wapo vijana wanaochokonoa redio, chaja, sabufa na taa za sola kwa sababu moja tu: wanataka kujua ndani mna nini na kwa nini kinafanya kazi. Wengi wao hawajawahi kufikiria tuzo wala hataza. Naandika kuwatetea. Kijana anayekaa chumbani kwake usiku, akaunganisha saketi ambayo dunia inaijua tangu babu yake akiwa hai, ikalia, amefanya jambo ambalo nchi hii inalihitaji kuliko maonyesho mengi ya ubunifu tunayoyagharamia.

Eneo letu lina historia yake ya umeme, na historia hiyo ndiyo iliyotuzalia mafundi. Kwa miaka mingi miji ya Biharamulo na Ngara iliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Ukitoka mjini kidogo, ilikuwa koroboi, kisha ikaja sola. Nyumba yenye paneli ndogo juu ya bati, betri ya gari kwenye kona na taa za volti 12 ni shule tosha. Mtoto wa nyumba hiyo anajua chanya na hasi kabla hajafundishwa. Anajua kwamba waya mwembamba ukibebeshwa mzigo unapata moto, na kwamba betri ikishuka chini ya volti 11 ni kosa kuendelea kuangalia televisheni, hata kama mpira uko dakika za nyongeza. Aliyezaliwa kwenye gridi anabonyeza swichi, basi. Leo gridi imefika, laini ya kilovolti 220 imefika Nyakanazi, na maporomoko ya Rusumo pale Ngara yana mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana umeme wake. Ni jambo jema sana. Ningependa tu ile akili iliyozaliwa kwenye sola isizimwe na swichi ya ukutani.

Redio nayo ina nafasi yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mwaka uliofuata, 1995, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, ili watu waliotawanyika wapate taarifa na kusikia habari za ndugu zao. Kwa mtu wa kambini redio ilikuwa kitu cha lazima. Na redio ikiwa ya lazima, ikiharibika lazima atafutwe wa kuitengeneza. Hata kabla ya hapo, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imewakusanya watu vijijini nchi nzima kuizunguka redio moja na kujadili. Nyuma ya kila kundi la wasikilizaji alikuwapo mtu mmoja aliyejua kusafisha kutu kwenye sehemu ya betri na kurudishia waya wa spika uliokatika.

Redio za wakati ule zilikuwa zinafundisha. Zile za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam kwenye kiwanda cha Matsushita, na nyinginezo za enzi hizo, ulikuwa ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta vifaa vimepangwa kwenye bodi kila kimoja na miguu yake: rezista na mistari yake ya rangi, kapasita, trensista zenye vichwa vya duara. Baadhi zilibandikwa mchoro wa saketi ndani ya mfuniko. Fikiria ukarimu huo. Aliyetengeneza alikuwa anamwambia aliyenunua: ikiharibika, ramani hii hapa. Vijana wengi wa kizazi cha wazazi wetu walijifunza kusoma mchoro wa saketi kwenye mfuniko wa redio, bila mwalimu, wakifuata mstari kwa kidole.

Fungua redio ndogo ya bei rahisi ya leo. Katikati ya bodi kuna doa jeusi la gundi ngumu, na chini ya doa hilo ndiyo redio nzima. Halina namba, halina jina, halina mguu wa kupima. Vilivyolizunguka ni vidogo kama punje za mtama na vimebandikwa juu ya bodi na mashine. Ikifa, imekufa. Fundi wa sokoni atakubadilishia spika, swichi na sehemu ya kuchajia. Zaidi ya hapo atakushauri ununue nyingine. Simlaumu. Ila lile somo la bure lililokuwa ndani ya vitu vyetu vya nyumbani limetoweka, na shule haijaliziba pengo.

Shule yenyewe inafundisha mada hiyo, tena kwa upana. Fizikia ya kidato cha nne ina mada ya elektroniki: semikondakta, dayodi, trensista, amplifaya ya hatua moja. Mwanafunzi anaichora trensista kwa penseli, anaweka mshale kwenye emita, anapata alama zake. Wengi wanamaliza shule bila kuishika trensista mkononi hata mara moja. Na kumbe hatua chache kutoka getini, chini ya meza ya fundi sokoni, kuna kopo la rangi limejaa trensista zilizong'olewa kwenye vitu vibovu. Kopo na darasa havijakutana.

Mpwa wangu alivikutanisha mwenyewe. Alikuwa kidato cha pili. Alichukua trensista moja ndogo kutoka redio iliyokufa na maikrofoni kutoka simu ya kitochi iliyovunjika kioo. Akaongeza rezista chache na kapasita chache, kisha koili ya waya wa shaba aliyoizungusha mara tano kwenye mwili wa kalamu ya wino, na betri ya volti 9. Bodi hakuwa nayo. Alitoboa kipande cha boksi kwa sindano, akapitisha miguu ya vifaa upande wa pili na kuilehemu hapo kwa nyuma. Akanipa redio, akaniambia, "Mjomba, nenda nayo kule kwenye migomba, zungusha polepole kuanzia tisini."

Nilizungusha. Pale pasipo na kituo, redio ya FM hutoa ule mvumo wa shhh, na huo ndio niliokuwa nausikia. Ghafla mvumo ukakatika, pakawa kimya, kimya kizito kabisa, kama mtu amefunga dirisha. Nilidhani redio imezima. Kumbe hapo ndipo nilipokuwa nimempata: wimbi lake lilikuwa limefika, halijabeba sauti bado. Kisha nikamsikia akihesabu, moja, mbili, tatu, na nyuma yake kuku wa bibi yake.

Niliporudi, alikuwa hashangilii. Alikuwa amekunja uso. Alikuwa ameona kwamba akisogeza mkono karibu na koili, kituo kinahama, na alitaka kujua mkono wake una nini. Akaivuta koili kidogo kwa ukucha, mizunguko ikaachana, kituo kikapanda juu kwenye mita ya redio. Akaibana, kikashuka. Alifanya hivyo mara nyingi, huku anaandika kwenye daftari. Alikuwa na swali lake mwenyewe mkononi, na tayari alikuwa na vipimo vya kulijibu. Mambo ya koili, kapasita na wimbi yalipofika darasani miaka miwili baadaye, hayakuwa mageni kwake hata kidogo.

Sasa mwulize amegundua nini. Hajagundua chochote. Redio ya FM ni kazi ya Mmarekani Edwin Armstrong, miaka ya 1930. Trensista ilizaliwa katika maabara za Bell mwishoni mwa mwaka 1947. Saketi yenyewe imenakiliwa na watoto wa dunia nzima kwa miongo mingi. Ukiipeleka mbele ya jopo la waamuzi wanaotafuta kitu kipya, itaondolewa raundi ya kwanza, na mtoto atarudi nyumbani akiamini kwamba alichofanya ni upuuzi.

Tazama hao tunaowasifu kila siku. William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, alijenga kinu cha upepo kijijini kwao kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki aliyoyanyoosha kwa moto. Vinu vya upepo vina karne nyingi duniani. Yeye aliona picha kwenye kitabu cha maktaba ya shule ya msingi, akaamua kwamba kama kuna mtu aliweza kujenga kitu hicho, naye anaweza. Masaru Ibuka, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alianza mwaka 1945 katika chumba cha jengo lililonusurika mabomu katikati ya Tokyo, akitengeneza redio za watu zilizoharibika na kuziongezea kifaa cha kunasa masafa mafupi. TR-55, redio ya trensista iliyokuja kuijengea kampuni yao sifa, ilitoka mwaka 1955. Miaka kumi ilipita kati ya kutengeneza za watu na kutengeneza ya kwao. Hawakuruka hatua.

Wajapani hao walikuwa na kingine ambacho sisi hatuna, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jirani na stesheni ya Akihabara, Tokyo, baada ya vita walijazana wachuuzi wa spea za redio, vibanda vidogo vilivyobanana kwenye njia nyembamba chini ya reli. Mwanafunzi mwenye senti chache aliweza kununua kapasita moja. Moja tu. Akaenda nayo nyumbani, akaiunguza, akarudi kesho kununua nyingine. Akihabara haikuanzishwa kwa maazimio ya semina. Ilikuwa soko la spea lililokuwa karibu, la bei rahisi, linalokubali kuuza kidogo kidogo, na taifa zima la wahandisi lilipita hapo likiwa bado na kaptura za shule.

Sisi soko letu la namna hiyo ni Kariakoo, na Kariakoo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Biharamulo. Rezista moja haifiki bei ya andazi. Lakini ili andazi hilo lifike Biharamulo, unahitaji mtu wa kukununulia, pesa ya kutuma, mzigo wa kupakia kwenye basi, na uvumilivu. Muuzaji naye hataki kukuuzia tano, anataka ununue pakiti. Kwa hiyo kijana wetu anafanya kile anachoweza: anang'oa. Saketi inayotaka rezista ya kilo-omu 10 anaiwekea ya 15 kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Isipofanya kazi, hajui kama kosa ni lake, ni la mchoro, au ni la trensista iliyokuwa imekufa tangu mwanzo. Wengi wanaokata tamaa hukatia tamaa hapo hapo. Akili wanayo. Wanachokosa ni namna ya kuutenganisha uzembe wao na ubovu wa kifaa.

Ndiyo maana nasema kifaa cha kwanza cha kumpa mtoto wa aina hii ni mita ya kupimia, ile ya bei ya kawaida tu yenye kitufe cha kuzungusha katikati. Pasi ya kulehemu ni ya pili. Mita inampa macho. Dayodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Iliyokufa hupitisha pande zote au haipitishi kabisa. Mtoto akishaona hilo kwenye kioo kwa macho yake, haambiwi tena na mtu kwamba kifaa ni kizima. Anapima. Nadhani hata maisha yake mengine yatabadilika, atakuwa mgumu kidogo kudanganywa na wauza paneli feki zilizoandikwa wati 100 huku zikitoa 40.

Wazazi wana hofu, na hofu yao ina msingi. Umeme wa ukutani ni volti 230 na unaua. Ndani ya chaja na baadhi ya sabufa kuna kapasita kubwa inayoweza kuhifadhi volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na kijana asiyeambiwa hilo atajifunza kwa vidole. Betri za lithiamu zinawaka. Hapa kwetu betri hizo zinatoka kwenye kompyuta mpakato zilizokufa: ukipasua ganda lake, kwa kawaida unakuta seli sita za duara, na mara nyingi ni moja au mbili tu zilizoharibika, nyingine nne au tano bado zina maisha ya kuwasha taa ya kusomea kwa miaka. Kazi ya kuzichambua ni nzuri mno, lakini ina sheria zake. Seli inayosoma chini ya volti 2 weka kando, usijaribu kuifufua. Usiichaji yoyote zaidi ya volti 4.2. Usitumie chaja isiyokuwa na bodi ya kukata umeme inapojaa. Usiipige msumari, usiilehemu kwa moto wa muda mrefu, usiiache ikichaji wakati umelala. Mambo haya yanafundishika katika mchana mmoja. Kumkataza kijana hakumzuii. Kunamfanya aifanye kazi hiyo kwa kujificha, chini ya kitanda, kwenye godoro.

Na kuna jambo linaloniuma kuhusu betri. Chini ya vilima vya Kabanga, Ngara, kuna mojawapo ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo hazijaanza kuchimbwa. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, ikiwa na hisa asilimia 16. Nikeli hiyo inatakiwa kwa ajili ya betri, hizo hizo za lithiamu za magari ya umeme. Maana yake ni kwamba mtoto wa Ngara anayepasua betri ya kompyuta mbovu anashika mkononi sehemu ya mwisho ya safari ambayo mwanzo wake uko chini ya shamba la babu yake. Siku kampuni hiyo itakapotafuta watu wanaoelewa betri, natamani wawepo vijana wa hapa walioanza kuelewa wakiwa na miaka 15, na kovu moja la pasi kwenye kidole gumba.

Kuhusu redio za kujitengenezea, sitaki kumdanganya msomaji. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kurusha matangazo bila leseni, na sababu yake si uonevu. Mara tu mita ya FM inapoishia, kwenye megahezi 108, ndipo yanapoanzia masafa ya kuongozea ndege. Saketi mbaya ya kijana mwenye nia njema inaweza kumwaga wimbi lake huko. Kifaa cha mpwa wangu kilifika kwenye migomba tu na hakikufika barabarani, na nilimwambia kibaki hivyo, kisha akakivunja atumie vifaa kwa kazi nyingine. Lakini tangu zamani dunia ina njia ya halali kwa watu wa namna hii: leseni ya redio ya ridhaa. Mtu anafanya mtihani, anapewa alama ya utambulisho, anaruhusiwa kujenga mtambo wake na kuzungumza na wenzake duniani kwa masafa yaliyotengwa. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Rwanda 9X, za Burundi 9U. Fikiria klabu ya sekondari moja Ngara, mahali ambapo nchi hizo tatu zinakutana, watoto wakiitana kutoka kilima hadi kilima kwa mitambo waliyoijenga wenyewe, kwa Kiswahili. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wanajua utaratibu wa leseni hiyo kuliko mimi. Ombi langu ni uletwe hadi shuleni, kwa lugha ambayo mwalimu wa fizikia wa kata anaielewa, badala ya kijana kuisikia sheria kwa mara ya kwanza siku anayokamatwa.

Wasichana nao. Meza ya fundi iko sokoni au stendi, na kijana wa kiume anaweza kukaa hapo siku nzima akitazama bila mtu kumuuliza. Binti akikaa hapo nusu saa, jioni habari imeshafika nyumbani. Hivyo anakosa ile elimu ya kutazama, ambayo ndiyo mlango wa ufundi huu wote. Kazi ya kujitengenezea nyumbani inaweza kulirekebisha hilo, kwa sababu meza ya jikoni haiko stendi. Lakini inahitaji baba atakayemwacha binti yake afungue redio yake. Nawaomba akina baba wa Biharamulo: iacheni ifunguliwe.

Katika hili la kuacha redio za nyumbani zifunguliwe kuna mfano wa jirani. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa pembezoni mwa mbuga ya Nairobi, ndiye aliyekuwa akichunga ng'ombe wa familia waliokuwa wakiuawa na simba usiku. Alipokuwa na miaka 11 aliunganisha taa za tochi mbovu, betri ya gari iliyochajiwa na sola, na kile kifaa cha indiketa za pikipiki kinachofanya taa iwake na kuzima. Taa zikawa zinamulika kuzunguka zizi kana kwamba mtu anatembea na tochi, na simba wakakaa mbali. Habari hiyo ilizunguka dunia. Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni ya mwanzo: aliwahi kuibomoa redio mpya ya mama yake, na mama alikasirika sana. Kifaa cha indiketa alikielewa kwa sababu alikuwa amezoea kufungua vitu. Hapa Biharamulo tumepakana na Burigi-Chato, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na wakulima wa pembezoni mwa hifadhi wanajua mnyama akiingia shambani usiku maana yake nini. Majibu ya matatizo ya namna hiyo hayataletwa na mtu anayetua kwa ndege. Yatatoka kwa yeyote ambaye redio ya mama yake tayari imeshakufa mikononi mwake.

Mwaka 2024 baadhi ya shule zilianza mkondo wa amali kwa kidato cha kwanza, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yapo tangu 2019. Sipingi lolote kati ya hayo. Naomba tu waamuzi wabadilishe karatasi yao ya maksi. Mtoto aliyenakili amplifaya kutoka kwenye mchoro na anaweza kueleza kila kapasita inafanya nini, apewe alama zaidi ya yule aliyebandika vifaa vya kununua ndani ya boksi lililoandikwa jina la kuvutia. Wamuulize ilikataa wapi, na alijuaje. Wamuombe aing'oe rezista moja mbele yao na aseme kabla hajawasha kitatokea nini.

Na hapa nyumbani tuanze na spea. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana huomba fedha za bodaboda au kuku. Kikundi kimoja Biharamulo mjini na kingine Ngara waombe za duka la spea za elektroniki, lenye rezista za thamani zote za kawaida, kapasita, dayodi, trensista za aina tano sita zinazotumika sana, bodi za matundu, waya wa kulehemu, bodi za kuchajia lithiamu, na vile vikompyuta vidogo vya Arduino ambavyo sasa vinapatikana kwa bei ya kuhimilika. Wauze kimoja kimoja. Mafundi simu na mafundi redio wa wilaya nzima watakuwa wateja wa kudumu, kwa hiyo marejesho yapo, tena ya uhakika kuliko ya kuku. Pembeni kuwe na meza moja yenye mita na pasi, na Jumamosi mtoto yeyote akae hapo bila kulipa, fundi mzoefu akiwa karibu kumwambia kapasita ipi asiiguse. Fungu la mikopo madiwani wanalo. Kinachosubiriwa ni andiko la kikundi cha kwanza, na kikundi kitakachojitokeza, mimi nitakaa nacho mezani kuliandika.